Pengo la nia na tendo: kwa nini anayejali mazingira anaacha AC inawaka

Pengo la nia na tendo ni tofauti iliyopo kati ya anachosema mtu kuhusu mazingira na anachofanya siku ya kawaida. Muulize, atakwambia anajali. Anajua mkaa unamaliza misitu, anajua bili ya umeme ya ofisi ni kubwa, anakubali kwamba karatasi zinapotea bure. Jioni huyohuyo anaondoka, AC imebaki nyuzi 18 na kompyuta inawaka. Wataalamu wa saikolojia ya mazingira hawamwiti mnafiki. Kwao hilo ni jambo la kupimwa, na sababu zake zimeshajulikana kiasi cha kutosha kufanyiwa kazi.

Dhana hii ilishika kasi baada ya njia ya zamani kugonga mwamba. Kampeni nyingi zilijengwa juu ya imani kwamba elimu huzaa mtazamo, na mtazamo huzaa tendo. Mwaka 2002 Anja Kollmuss na Julian Agyeman walipitia tafiti za miaka mingi wakaonyesha kuwa mnyororo huo hukatika njiani: kati ya kujua na kutenda kuna mazoea, kipato, miundombinu, familia na mengine mengi. Elimu ina nafasi yake, hasa pale watu hawajui la kufanya. Ila ikiachwa peke yake haifiki mbali. Hata hivyo semina na mabango ndiyo hupata bajeti kwanza, pengine kwa sababu ni rahisi kuyapiga picha na kuyaweka kwenye ripoti.

Maelezo yanayotumika sana kuhusu nia ni ya mwanasaikolojia Icek Ajzen, ya mwaka 1991. Anasema nia ya mtu husimama juu ya mambo matatu: anavyoliona tendo lenyewe, anavyodhani watu wake wa karibu wanalitazamaje, na kama anahisi analiweza. Hili la tatu ndilo husahaulika. Mfanyakazi anayehurumia sana mazingira lakini hajui rimoti ya AC ilipo, au anaogopa kumgusia bosi, ana nia ambayo haina pa kutokea.

Tazama jiko la mkaa na mtungi wa gesi, maana hapo pengo linaonekana kwa macho. Tanzania ina mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Wengi mijini tayari wana mtungi wa kilo 6 jikoni, na pembeni yake jiko la mkaa bado lipo na linawashwa. Gesi inachemsha chai, inakaanga mayai, inapasha kiporo. Maharage na makande yanarudi kwenye mkaa, kwa sababu mpishi anaona chakula kinachochemka kwa saa mbili au tatu kitammalizia mtungi. Tena mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hela ya siku hiyo, wakati gesi inadai hela nyingi kwa mkupuo, na mtungi una tabia ya kuisha katikati ya mwezi, sufuria ikiwa jikoni. Ongeza hofu ya mlipuko, na wale wanaoamini kabisa kwamba wali wa mkaa una ladha yake. Mtu wa namna hii ukimpa kipeperushi kuhusu ukataji miti hujagusa hata sababu moja kati ya hizo. Mita za gesi zinazomruhusu mteja kulipia kidogokidogo kwa simu zinagusa ile ya hela. Kuloweka maharage usiku kucha na kutumia presha kuka kunagusa ile ya muda. Kila kizuizi kina dawa yake, na kazi ya kwanza ni kujua kipi ndicho kinachomzuia mtu huyu.

Kizuizi kingine ni mazoea. Tendo likirudiwa mahali palepale na saa ileile, akili huacha kulifikiria, mkono unatangulia. Ndiyo maana kubadilisha mazingira ya tendo mara nyingi hushinda kubadilisha mawazo. Marufuku ya mifuko ya plastiki, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hayakusubiri wanunuzi waelimike. Mfuko uliondoka mkononi mwa muuzaji, na mnunuzi akajikuta anatoka nyumbani na kikapu. Udhaifu wake nao unafundisha. Pale vifungashio vyembamba visivyo na mshikio vilipobaki sokoni, mazoea ya zamani yalipata upenyo, na nyanya zikarudi kufungwa humohumo.

Halafu kuna kaida, yaani kile watu wanachoona wenzao wanafanya. Nguvu yake ni kubwa kuliko tunavyokiri. Huko California, mtafiti Jessica Nolan na wenzake waliwauliza watu mamia nini kinawasukuma kubana matumizi ya umeme. Wengi walitaja mazingira, na majirani wakawekwa mwisho. Walipotazama majibu kwa undani, imani ya mtu kuhusu wanavyofanya majirani ndiyo iliyokwenda sambamba zaidi na matumizi yake. Kisha wakatundika karatasi kwenye vitasa vya milango ya nyumba za San Marcos: nyingine zilitaja mazingira, nyingine akiba ya pesa, nyingine zilisema tu kwamba majirani wengi wanatumia feni badala ya AC. Hizi za mwisho ndizo zilizopunguza umeme zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Kaida lakini ina meno pande zote mbili. Jaribio la mwaka 2007 katika mji huohuo, likiongozwa na Wesley Schultz, liliwapa watu matumizi yao na wastani wa mtaa. Waliokuwa juu walipunguza. Waliokuwa chini waliongeza, kana kwamba wameambiwa wamejinyima bure. Ilipoongezwa alama ndogo ya uso wa tabasamu kwa waliotumia kidogo, hawakuongeza tena. Kwa hiyo bango la ofisini linalosema “asilimia 70 ya wafanyakazi wanaacha taa zikiwaka” linaharibu kuliko kusaidia. Aliyelisoma ameambiwa kwamba kuacha taa ndiyo desturi ya hapo, na asiyefanya hivyo ni yeye peke yake. Kosa hili linarudiwa sana, na mara nyingi na watu wenye nia njema kabisa.

Kazini pengo huwa pana kuliko nyumbani, na sababu haihitaji darubini. Bili hailipwi na anayebonyeza swichi. Nyumbani tokeni ikiisha ni hela yako. Ofisini ni ya “kampuni”. Vifaa ni vya wote, kwa hiyo hakuna mwenye jukumu: AC ya chumba cha mikutano kila mmoja anadhani mwingine ataizima. Zaidi ya hayo kuna cheo. Meneja akiondoka mwisho na ofisi yake inang'aa taa, waraka wake wa kubana matumizi umekwisha hapohapo. Mfagiaji anayefika saa 11 alfajiri ndiye anayejua vifaa gani vililala vikiwaka, na ni nadra kuitwa kwenye kikao cha mazingira.

Kinachofanya kazi vizuri ofisini ni chaguo-msingi, yaani mpangilio ambao mashine inaufuata mtu asipochagua lolote. Katika chuo kikuu kimoja kikubwa nchini Sweden, watafiti Johan Egebark na Mathias Ekström walijaribu njia mbili za kupunguza karatasi. Ombi la kistaarabu la kuwataka wafanyakazi wabane matumizi halikuleta chochote. Printa zilipowekwa zichape pande mbili zenyewe, karatasi zilipungua kwa takribani asilimia 15, na hakuna aliyekatazwa kubofya upande mmoja. Kwenye kompyuta nyingi hiyo ni kazi ya dakika chache: mpangilio wa printa, kisha uchapishaji wa pande mbili, kisha kuhifadhi kama chaguo-msingi. Ifanyike kwenye seva ya printa, yaani kompyuta kuu inayoziendesha printa zote, si kwenye kompyuta moja moja, la sivyo kila kompyuta mpya inarudisha ya zamani.

Kuna kiasi, hata hivyo. Katika ofisi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, mjini Paris, kidhibiti joto kilipoteremshwa nyuzi 1 wakati wa baridi, wafanyakazi waliachia. Kilipoteremshwa nyuzi 2, wengi walihisi ubaridi wakakipandisha wenyewe, na faida ikawa ndogo kuliko ya nyuzi 1. Chaguo-msingi linaishi kwa kutosumbua. Likisumbua, mtu anaamka usingizini na kuanza kuchagua, na hatachagua unavyotaka.

Japani walilimaliza suala hilo kwa upande wa nguo. Mwaka 2005 Wizara ya Mazingira ilianzisha kampeni ya Cool Biz: AC za ofisi ziwekwe nyuzi 28 majira ya joto, na wafanyakazi waruhusiwe kuacha tai na koti. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi mwenyewe alionekana hadharani bila tai. Nyuzi 28 haivumiliki ndani ya suti. Ndani ya shati la mikono mifupi inavumilika. Waligundua kwamba kizuizi kilikuwa adabu ya mavazi, wakakiondoa, na wakaanzia kwa mkubwa. Ofisi za Dar es Salaam na Mombasa zinazodai suti mwezi Februari zina la kujifunza hapo.

Ukitaka kuanza ofisini kwako, anza na mita kabla ya mabango. Isome jioni mtu wa mwisho anapotoka, na asubuhi kabla wa kwanza hajawasha kitu. Tuseme LUKU, mita ya kulipia kabla inayoonyesha uniti zilizobaki, ilionyesha uniti 412 saa 12 jioni na 388 saa 1 asubuhi. Uniti 24 zimeliwa kwa saa 13, yaani karibu kilowati 1.8 mfululizo bila mtu ndani. Friji na kamera hazifiki huko. AC moja ya kawaida ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) huvuta takribani kilowati 1 kompresa inapofanya kazi, kwa hiyo umeshajua pa kutafuta. Rudia usiku kadhaa, kisha wikendi.

Kisha chagua tendo moja au mawili, uyataje kwa jina. “Tuokoe nishati” si tendo. “Anayefunga kikao anazima AC na projekta” ni tendo, lina mtu na lina wakati wake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba nia ikifungwa kwenye tukio maalumu, kwa muundo wa “nikifanya hiki, basi nitafanya kile”, hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Karatasi ya ukumbusho ibandikwe kwenye swichi yenyewe au ubavuni mwa mlango, mahali mkono unapopita, si kwenye ubao wa matangazo. Na uwaeleze watu jambo linalowapoteza wengi: kuweka AC ya kawaida isiyo ya inverta (isiyobadilisha kasi ya kompresa) nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi. Kompresa inafanya kazi kwa kasi ileile, ila haitajizima mapema.

Mrejesho, yaani taarifa ya matumizi wanayorudishiwa watu, uwe wa kundi. Watafiti Amanda Carrico na Manuel Riemer walijaribu hilo katika majengo ya chuo kikuu kimoja Marekani. Majengo yaliyotumiwa barua pepe za matokeo ya jengo zima yalipunguza umeme kwa asilimia 7, yaliyopewa mfanyakazi mwenzao wa kuwahamasisha yalipunguza kwa asilimia 4, na yale yaliyopata maelezo tu yaliongeza kwa asilimia 4. Usitangaze majina ya wakosaji. Utapata utii wa wiki mbili na kinyongo cha mwaka.

Angalia pia kinachotokea pembeni. Mtu akifanya jema moja anaweza kujipa ruhusa ya kulegeza mahali pengine. Katika jaribio moja Marekani, wakazi waliopewa mrejesho wa kila wiki kuhusu maji walipunguza maji kwa asilimia 6, na umeme wao ukapanda kwa asilimia 5.6. Ukipima karatasi peke yake hutaliona hilo, kwa hiyo soma mita ya umeme na ya maji kwa pamoja. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita. Ukilinganisha Julai na Februari utajipongeza kwa kazi iliyofanywa na kipupwe.