Je, wajua kwa nini wanakijiji wa Duru-Haitemba waliukata msitu wao kabla ya kuulinda?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapimaji wa serikali walifika Babati, kaskazini mwa Tanzania, kuweka mipaka ya msitu wa Duru-Haitemba: hekta zipatazo 9,000 za miombo, na vijiji vinane pembeni yake. Nia ilikuwa njema, msitu uwe hifadhi ya serikali usije ukaisha. Badala yake mashoka yakaongezeka. Ukijua kesho kisima kitafungwa, leo unachota hadi ndoo ya mwisho.

Mwaka 1994 serikali ikaghairi, ikaviachia vijiji vilinde vyenyewe. Kila kijiji kikakubaliana na majirani kuhusu mpaka, kikaunda kamati, kikatunga sheria ndogo: wapi ng'ombe wachunge, wapi pasiguswe, nani akate nguzo na kwa kibali cha nani. Mkaa ukapigwa marufuku. Walinzi walikuwa watu wa hapohapo, hawana mshahara, ila walisamehewa kazi za msaragambo. Wao huona haraka nani kaleta nguzo mpya nyumbani. Askari wa misitu kutoka wilayani, peke yake na eneo zima, ataonea wapi?

Jaribio hilo lilichangia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002. Hapa wengi huchanganya, maana usimamizi shirikishi, yaani wananchi kushiriki kuutunza msitu, una sura mbili. Msitu ukiwa ndani ya ardhi ya kijiji, kijiji ndicho mwenyewe na mapato ya mazao yake ni yake. Ukiwa hifadhi ya serikali, wanakijiji hutia saini makubaliano ya kusaidia ulinzi, na mgawo hutegemea makubaliano hayo. Kwa maoni yangu sura hii ya pili inachechemea: doria utafanya, lakini gogo likiuzwa unasubiri kuambiwa fungu lako.

Sura ya kwanza imeonekana vizuri Kilwa, kwenye mpingo, mti unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Zamani mfanyabiashara alibeba magogo, kijiji kikaambulia vijisenti. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu. Siku hizi kamati hupima miti kwanza, huamua ingapi ivunwe, kisha ndipo mnunuzi huitwa.