Gimbi la kwenye chungu halisubiri baridi

Kila Oktoba, sisi tunaoishi kaskazini mwa Marekani na Kanada tukianza kuingiza vyungu ndani, kauli ni ile ile: "Liache kwanza lishike baridi, ndipo lilale vizuri." Linalosemwa hapo ni sikio la tembo, lile ua la majani mapana ambalo mara nyingi ni gimbi letu tu, nduma kwa Wakenya, lililouzwa kwa bei ya pambo. Ushauri hutolewa kwa uhakika mkubwa, na ifikapo Machi wenye kuufuata wanafukua uji unaonuka.

Mmea kulala ni kusimama kukua huku uhai ukiendelea chinichini. Chipukizi halifunguki, na kiazi kinapumua polepole kikila wanga wake wa akiba. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Ugomvi uko kwenye swali la pili: ni nini kimeusimamisha?

Mwaka 1987 mtaalamu wa kilimo cha bustani G. A. Lang na wenzake walipendekeza mgawanyo ambao unatumika hadi leo. Chipukizi linaweza kuzuiwa na kitu kilicho ndani yake lenyewe, au na sehemu nyingine ya mmea huohuo, au na hali ya nje. Hali ni tatu, na sisi zote tunaziita usingizi.

Aliyelima viazi mviringo Njombe au Nyandarua anaijua ile ya kwanza bila kufundishwa. Ukivuna leo ukavirudisha shambani kesho, vitakaa tu, hata mvua inyeshe namna gani. Kizuizi kiko ndani yao, na kinataka muda upite, pengine miezi miwili au mitatu kutegemea aina. Tofaa nalo limefungwa kwa ndani, ila ufunguo wake ni baridi: aina nyingi za Ulaya zinadai mamia ya saa chini ya nyuzi joto 7 hivi za Selsiasi, la sivyo zinachanua ovyo au hazichanui kabisa. Ndiyo sababu wanaopanda matofaa kwenye nchi za joto hukimbilia aina kama Anna, iliyozalishwa Israel, ambayo inaridhika na baridi kidogo. Tulipu nayo inadai baridi. Sasa mtu aliyeishi miaka Minnesota, akazoea tulipu na matofaa, akipata gimbi analiwekea masharti yaleyale.

Gimbi halina sharti hilo. Mwangalie mama anayevuna kando ya mfereji kule Kilimanjaro, au bondeni Murang'a. Anang'oa shina zima, anakata kiazi cha kupika, anabakiza kichwa, yaani kipande chembamba cha juu pamoja na vikonyo vilivyopunguzwa majani. Kichwa hicho anakichomeka kwenye tope siku hiyohiyo. Hakihifadhi, hakisubiri, wala hakitafutii baridi. Muda si mrefu jani jipya linatoka katikati likiwa limejisokota. Kama gimbi lingekuwa na usingizi wa ndani kama wa kiazi mviringo, kilimo hicho kisingewezekana. (Machipukizi madogo ya ubavuni ndiyo yanayozuiwa, na anayeyazuia ni kichwa chenyewe. Hiyo ndiyo ile hali ya pili, na haihusiani na Oktoba.)

Kwa hiyo baridi ya huku inalifanyia gimbi jambo moja tu: inalizuia lisikue. Hiyo ndiyo ile hali ya tatu, ya kuzuiwa na hali ya nje. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi, mizizi karibu inaacha kunywa. Ukishuka zaidi, kiazi kinaanza kuumia kwa ndani hata kabla hakijaganda. Umande ukiganda, majani yanageuka meusi na kulegea kwa usiku mmoja, na mwenye nalo anafurahi: limelala! Majani hayo hayakulala, yamekufa. Kilichobaki hai ni kiazi, na kimebaki hai kwa sababu baridi haijakifikia bado.

Ushauri wenyewe una asili yake, na asili hiyo si ya kipuuzi. Ulitoka kwa wenye bustani za ardhini. Kwao ardhi inashika joto, hivyo baridi ya kwanza inaunguza majani na kukiacha kiazi salama, na majani meusi yanakuwa alama kwamba siku ya kuchimba imefika. Ilikuwa kalenda tu. Watu wakaichukua kalenda wakaifanya dawa, kisha wakaihamishia kwenye vyungu, ambavyo baridi inaviingilia pande zote na udongo wake unaganda mapema kuliko wa shamba.

Ukitaka kulilaza kwa sababu huna nafasi, lilaze. Punguza maji likiwa bado na afya, kata majani, acha udongo ukauke, kisha weka chungu kizima mahali pa nyuzi 8 hadi 13 pasipoganda, kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba) kwa mfano. Usimwagilie kwa huruma. Maji kwenye udongo baridi ndiyo yanayoozesha. Mara mojamoja fukua kidogo ubonyeze kiazi kwa kidole gumba: kikiwa kigumu ni kizima, kikibonyea kata sehemu hiyo kabla haijasambaa.

Ila tazama kwanza majani yanaelekea wapi. Kwenye gimbi ncha ya jani kwa kawaida inaning'inia chini. Kuna jamaa yake, Alokasia, anayeuzwa kwa jina hilohilo la sikio la tembo, na wengi wa ukoo wake ncha zao zinatazama juu. Huyo hapendi kukaushwa kabisa. Mpe nyuzi 15 au zaidi na udongo wenye unyevu kidogo tu.

Basi ukimsikia ndugu anasema ameacha chungu gereji "kidogo lizoee", mwambie kwa upole akiingize jioni hii. Na kama ana dirisha linalotazama kusini na sebule yenye joto, haina haja ya kulilaza. Litabaki na majani yake mawili matatu hadi Mei, akilimwagilia kidogo na kufuta utitiri chini ya majani kwa kitambaa chenye maji. Likitoka nje wakati huo, litakua bila kumdai usingizi wowote.