Seva mbili hazitoshi: klasta ya Proxmox inahitaji kura ya tatu

Proxmox ni mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), na klasta ni seva kadhaa zinazosimamiwa kwa pamoja. Kwa wanaoitumia, imani hii haifi: "Nina seva mbili zimeunganishwa kwenye klasta ya Proxmox, kwa hiyo moja ikizima, nyingine itashika kazi." Haitashika. Kwa mpangilio wa kawaida, iliyobaki haitawasha hata mashine pepe moja.

Kila nodi, yaani kila seva ya klasta, ina kura moja, na akidi ni zaidi ya nusu ya kura zote. Kura zikiwa mbili, akidi ni 2, kwa hiyo anayebaki peke yake hana mamlaka. Akidi ikipotea, `/etc/pve`, folda ya mipangilio ya klasta, inakuwa ya kusoma tu. Mashine zilizokuwa zinatembea zinaendelea, ila huwezi kuwasha nyingine wala kubadili mipangilio. Umeme ukikatika usiku na seva moja ikaungua pawa saplai, nyingine itawaka asubuhi na kukaa ikimsubiri mwenzake, hata kama mashine zake umeziwekea zijiwashe zenyewe.

Ukiwa umewasha HA (huduma inayowasha mashine kwenye nodi nyingine yenyewe, nodi yake ikifa), hali ni mbaya zaidi. Nodi yenye mashine zinazosimamiwa na HA ikipoteza akidi kwa takriban sekunde 60, inajizima kwa nguvu na kuwaka upya. Kwa hiyo swichi ikifa, seva mbili nzima kabisa zinaanguka pamoja. Bila HA zingeendelea kufanya kazi.

Hapo ndipo mtu huandika `two_node: 1` kwenye `corosync.conf`, faili ya mipangilio ya Corosync (programu inayounganisha nodi na kuhesabu kura), na kutangaza kwamba tatizo limekwisha. Tafadhali, usifanye hivyo kwenye klasta yenye HA. Mpangilio huo unampa kila mmoja akidi akiwa peke yake. Kebo kati yao ikikatika, kila nodi inaamini mwenzake amekufa, na kwa kuwa hakuna aliyepoteza akidi, hakuna anayejizima. Zote mbili zinaweza kuwasha mashine ileile. Kama diski iko kwenye stoo ya pamoja, mifumo miwili inaandika juu ya faili zilezile, na data inaharibika kimyakimya hadi siku utakapoihitaji. `pvecm expected 1` ina hatari hiyohiyo: itumie tu baada ya kuhakikisha kwa macho kwamba seva ya pili imezimwa.

Dawa ni QDevice, yaani kura ya tatu kutoka kompyuta ndogo yenye Debian. Humo weka `corosync-qnetd`, kwenye nodi zote weka `corosync-qdevice`, kisha kwenye nodi moja andika `pvecm qdevice setup` ikifuatwa na IP ya kompyuta hiyo. Ruhusu SSH ya root wakati wa kusanidi na ufungue TCP 5403. `pvecm status` ionyeshe kura tarajiwa 3 na akidi 2. Usiiweke QDevice ndani ya mashine pepe ya klasta ileile. Itakufa pamoja na nodi inayoibeba. Inaweza kukaa hata tawi jingine, kwa sababu haidai mtandao wa kasi kama nodi zenyewe, ambazo ucheleweshaji kati yao unapaswa kuwa chini ya milisekunde 5. Kwa nodi tatu usiiongeze: itapewa kura 2, jumla 5, akidi 3, na ikifa tu huruhusiwi tena kupoteza nodi yoyote.

Kura si data. Diski lazima iwe tayari upande wa pili. Urudufishaji wa ZFS (kunakili diski za mashine kwenda nodi nyingine) kwa kawaida hufanyika kila dakika 15, hivyo miamala ya baada ya mzunguko wa mwisho inapotea. Na nodi ikifa, HA haihamishi mashine ikiwa hai. Inaiwasha upya baada ya kama dakika mbili. Kontena za LXC (mifumo midogo inayotumia kiini cha seva yenyewe) huzimwa na kuwashwa hata kwenye uhamisho uliopangwa.

Kwa ofisi yenye seva mbili na fundi anayepatikana kwa simu, nina mashaka kama HA inafaa kabisa. Naelemea kwenye QDevice, urudufishaji, na mtu anayethibitisha kifo cha seva kisha anahamisha faili ya `.conf` kutoka folda ya nodi iliyokufa ndani ya `/etc/pve/nodes` kwenda folda ya nodi hai. Ukiichagua HA, ijaribu kabla ya kuweka kazi halisi: chomoa umeme wa nodi moja, siku nyingine chomoa kebo ya Corosync peke yake. Jaribio hilo la pili ndilo wengi hulikwepa, na ndilo linalofichua makosa ya akidi.