Koti lako halivuji, ni jasho: subiri kwanza na hiyo oda

Wiki hii tena nimepata ule ujumbe. "Fundi habari, koti langu la mvua limekufa, linavuja, nishauri ninunue lipi, bajeti ipo." Bajeti ipo sikatai, minada ya korosho ikishaanza kulipa huku kwetu kila mtu bajeti inakuwepo, na vikundi vya matembezi kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi vinajaa picha za makoti na mahema yanayokuja na basi kutoka Dar. Mimi kazi yangu ni kushona na kukarabati hivyo vitu, mahema, mabegi, makoti, kwahiyo mtu akinunua jipya sipati kitu, mnaweza kusema natetea tumbo langu. Sawa. Lakini nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole gumba, acha niliandike mara moja hapa.

Koti likikuacha umelowa, uliza kwanza umelowa wapi. Maji ya kuvuja yana sehemu yake, yanapitia mshono wa bega, zipu ya mbele, shingoni, au pale mkanda wa begi unapokandamiza. Sasa wewe umevua koti, mgongo wote maji, makwapa maji, mikono ndani imelowa mpaka kwenye kiwiko, kote sawasawa, alafu unaniambia linavuja. Mvua gani hiyo inayoingia kwa usawa namna hiyo? Hayo maji umeyatoa mwenyewe kaka.

Najua mtabisha kwahiyo fanyeni hivi. Chukua bakuli kavu, tandaza juu yake ile sehemu unayoamini inavuja, upande wa nje wa koti ndo uwe juu, bonyeza kidogo kitambaa kibonyee katikati kama kisosi, mimina kikombe cha maji, nenda kanywe chai taratibu. Ukirudi inua koti uangalie bakuli. Kama lina matone, karibu, tutaongea habari ya kuziba. Kama ni kavu, utando wako, ile ngozi nyembamba ya ndani inayozuia maji, ni mzima na hela yako bado iko salama.

Hapa ndo panaponiudhi kwahiyo nitakaa kidogo. Watu wanaambiwa koti hili "linapumua" na wanaelewa kwamba koti lina nguvu ya kutoa jasho nje lenyewe, kama feni. Halina. Mvuke unatoka kwa sababu ndani ni mwingi kuliko nje, basi, hamna injini humo. Hewa iliyo karibu na ngozi yako, tuseme nyuzi 33, ikijaa mvuke inabeba kama gramu 36 za maji kwa kila mita ya ujazo. Huko Ulaya wanakotengenezea matangazo yao mvua inanyesha kwenye nyuzi 8, na hewa ya nyuzi 8 hata ijae vipi inabeba gramu 8 hivi. Kwahiyo kati ya ndani na nje kuna tofauti ya gramu 28 na hiyo tofauti ndo inayosukuma. Sasa njoo Mtwara mwezi wa kwanza, mvua inanyesha, nyuzi 27, hewa ya nje yenyewe ishajaa gramu 26. Tofauti imebaki 10. Koti ni lile lile, bei ni ile ile, msukumo umebaki kama theluthi tu, na bado wewe unatoka jasho kuliko Mzungu wa kwenye tangazo maana unapanda majabali ya Masasi na begi la maji mgongoni. Utakaukaje?

Alafu wanakuja na namba. "Fundi hili lina 20,000 la zamani lilikuwa 10,000." Namba za kupumua zinapimwa maabara kwenye hali waliyoichagua wao, ndani na nje vimetengwa vizuri ili mvuke uende, na haziko hata kwa kipimo kimoja, kampuni hii inapima hivi na ile vile. Ukilileta pwani ya kusini hiyo elfu 20 yako na elfu 10 ya mwenzako wote mtakamuliwa fulana kwenye kituo kimoja. Namba ya kuzuia maji ni kitu kingine, hiyo ni urefu wa maji kwa milimita ambao kitambaa kinavumilia kabla hakijapitisha, na kwa mvua ya kawaida hata koti la wastani linatosha ila pale unapokalia au mkanda wa begi unapobana.

Kwahiyo ninachowaambia wateja wa huku ni fungua zipu za makwapa kama zipo, acha kifua wazi mvua ikiwa ndogo, punguza mwendo. Au beba mwavuli. Ndiyo, mwavuli, watu wakisikia hivyo wanacheka lakini mama zetu wa Newala wanakwenda shamba na mwavuli na wanafika wakavu kuliko kikundi kizima chenye makoti ya laki nne. Kwenye upepo wa baharini au vichakani haufai, hilo nakubali.

Kuna kesi ya pili, koti linalowa kwa juu. Zamani maji yalikuwa yanateleza yanafanya vitone, sahivi kitambaa kinanyonya kinakuwa cheusi, kizito, cha baridi, na mtu anaapa kwamba limekufa. Kilichochoka hapo ni ile dawa ya juu inayofukuza maji, utando wa ndani haujaguswa, japo kitambaa kikishalowa mvuke unatoka kwa shida zaidi na unarudi kule kule kwenye jasho. Dawa inazibwa na mafuta ya mwili, vumbi letu hili jekundu na sabuni. Hasa sabuni ya unga, na kile kilainishi cha nguo ndo kibaya kabisa, kinabaki kwenye nyuzi na kuvuta maji. Loweka, osha kwa sabuni ya maji kidogo, suuza mpaka uchoke, alafu suuza tena. Likishakauka linataka joto ndo dawa iamke. Maelezo ya kwenye lebo yanazungumzia mashine ya kukaushia, haya tafuta mashine hiyo Masasi uniambie. Natumia pasi ya moto mdogo na kitambaa cha pamba katikati, kwa umeme hainisumbui, ila umeme ukikatika na imebaki pasi ya mkaa hapo ndo natetemeka maana pasi ya mkaa haina namba na utando ukiyeyuka hamna kurudi. Na siwezi kuapa kwamba sabuni ya maji ya kawaida haipunguzi maisha ya koti, vitabu vinataka sabuni maalum, mimi naona inafanya kazi na wateja wanarudi kwa mambo mengine, lakini kuapa siapi.

Na hii muisikie wale wa kununua jipya: dawa za zamani zilikuwa na kemikali za florini, zile PFAS, ambazo zinafukuza maji na mafuta pia. Zinaondolewa sokoni kwa sababu haziozi kwenye mazingira, California imeanza kuzipiga marufuku kwenye nguo nyingi kuanzia 2025. Sikatai uamuzi huo. Ila dawa mpya zinafukuza maji tu, mafuta ya shingo yako hazifukuzi, kwahiyo koti jipya unaloliota litaanza kunyonya mapema na litataka kuoshwa mara nyingi kuliko hilo unalotaka kumpa shemeji.

Zipu sasa. Hema au begi "zipu imekufa", kwenye meza yangu hiyo ndo kesi namba moja, na karibu kila mara meno ni mazima. Vuta zipu, angalia kichwa kikipita, nyuma yake meno yanafunguka tena. Kichwa kimetanuka. Mchanga wa Msimbati umekaa humo ndani unasaga chuma kila ukivuta, na chumvi inamalizia. Chukua plaizi ndogo, bana upande wa nyuma wa kichwa, ule ambako meno yanatokea yakiwa yameshikana, kulia kidogo, kushoto kidogo, usikamue maana kinapasuka. Jaribu. Bana tena kidogo. Kikigoma kabisa badilisha kichwa tu, geuza uangalie namba kwa nyuma, makoti na mahema mengi ni 5, mabegi makubwa 8 au 10, na kichwa cha zipu ya nailoni ya kujiviringisha hakikai kwenye meno ya plastiki yaliyosimama moja moja hata kama namba ni ile ile. Ukitoka baharini suuza zipu kwa maji baridi ya bomba, ikikauka pitisha mshumaa. Watu wanatupa hema kwa sababu ya kidude ambacho kinaenea kwenye ukucha, sijui niseme nini.

Mahema nitaenda haraka. Asubuhi umeamka hema linadondosha matone ndani, mmelala watatu, mmefunga kila dirisha kwa kuogopa mbu, kule Newala juu usiku wa mwezi wa saba baridi inashuka: hiyo ni pumzi yenu imegonga kitambaa baridi. Fungua matundu ya juu, chandarua kinatosha kwa mbu. Mshono ukivuja kweli unazibika, ila jua kwanza kitambaa chako kimepakwa nini. Kilichopakwa silikoni kinakubali silikoni tu, hata ile ya mafundi vioo ukiilainisha na mafuta ya kuchanganyia rangi inashika, na kilichopakwa poliurethani, aina ya plastiki, kinataka gundi ya poliurethani. Ukikosea gundi inabanduka kama gamba. Mti wa hema ukivunjika, kipande cha bomba la antena ya zamani kinachoingia juu yake kinatosha, piga tepu pande mbili safari iendelee.

Vinavyokufa kweli vipo na hivyo sibishani. Hema likiwekwa bichi kwenye mfuko, na joto letu na unyevu wetu huu, ule mpako wa poliurethani unaanza kuoza kwa maji ya hewani, unanata, unanuka kama matapishi ya mtoto. Hilo sipokei. Kitambaa cha juu kilichoachwa juani miezi: shika kwa vidole gumba viwili sehemu ya paa, vuta, kikichanika kama karatasi jua limeshakula nailoni, na kiraka changu kitashika tu pembeni huku kitambaa kinaendelea kuchanika. Koti la bei nafuu ambalo mpako wa ndani unatoka vipande vyeupe na yenyewe basi.

Na buti. Watu wanasema gundi ya fundi viatu ni feki kwa sababu soli imebandikwa leo na kesho imeachia. Mara nyingi fundi hana kosa. Buti nyingi nzito zina sponji ya poliurethani kati ya soli na kiatu, na hiyo inaoza kwa unyevu wa hewa hata ukiwa hujazivaa, miaka kadhaa tu kabatini inakuwa kama andazi la juzi. Gundi inashika vumbi la sponji na vumbi halishiki kitu. Ndo maana mtu anayenunua buti mpya kwa ofa azitunze za baadaye namshangaa, anatunza kitu ambacho kinaharibika kikiwa kwenye boksi. Ukienda mitumba bonyeza sponji kwa ukucha kote kuzunguka, ikiacha alama isiyorudi au ikionesha nyufa ndogo ndogo ziache hata kama ngozi inang'aa. Kuna wanaotoa sponji yote na kuweka tairi, kiatu kinakuwa kizito na kigumu, kwa kwenda shamba kinafaa, kwa kupanda jabali sijui, nina wateja wanaosifia na wengine hawajanisalimia tangu hapo.

Kinachonisumbua mimi mwenyewe ni zile kesi za katikati. Hema ambalo paa limeanza kulegea lakini halichaniki, mteja ana safari ya Msimbati na watoto, niseme litamaliza msimu au niseme nunua? Hamna kipimo cha hiyo, naangalia rangi ya paa ukilinganisha na sehemu iliyokuwa imefunikwa, navuta, nanusa, nakisia. Nikiwa na wasiwasi namwambia azime la mtu kwanza, vikundi vyenu vina mahema kibao yanalala kwa watu kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, mnayaona kwenye picha tu.

Na kama baada ya yote haya bado umenunua, sina neno, ni hela yako. Ila lile bovu usilichome wala usiwape watoto wachezee. Niletee. Vichwa vya namba 5 hapa mjini havipatikani kirahisi, na miti mizima, vishikizo na kamba vyote nina kazi navyo. Nalipa kidogo, au nakubania zipu bure.