Homa ya uti wa mgongo: jina la ugonjwa na maana ya chanjo yake

Jina "homa ya uti wa mgongo" limezoeleka, lakini huwapotosha wazazi wengi, kwa kuwa humkagua mtoto mgongo na wakiukuta mzima hutulia. Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa tando nyembamba zinazofunika ubongo pamoja na uti wa mgongo, na ndiyo maana dalili zake za mwanzo huanzia kichwani na shingoni: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, kutapika, macho kushindwa kuvumilia mwanga, na shingo kukakamaa hata mgonjwa aliyelala chali asiweze kukifikisha kidevu kifuani. Mtoto mchanga huenda asikakamae shingo kabisa. Yeye hukataa kunyonya, hulegea, hulia kila anapobebwa, na utosi wake huvimba hata akiwa ametulia. Degedege likimpata mtoto mwenye homa wakati wa mlipuko, apelekwe hospitali saa ileile, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24.

Milipuko mikubwa husababishwa na bakteria aitwaye meningokoki, ambaye huambukizwa kwa mate na makohozi ya watu wanaokaa karibu kwa muda mrefu, na mara nyingi hubebwa kooni na mtu asiyeumwa chochote. Bakteria huyu ana makundi, yakiwemo A, B, C, W, X na Y, na chanjo hukinga makundi iliyotengenezewa tu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naona halielezwi vya kutosha. Kadi ya kliniki ya mtoto wa Tanzania ina chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinazozuia vimelea vingine viwili vya uti wa mgongo, yaani Hib na nimokoki. Mzazi anayesema "mwanangu alishachanjwa" anasema kweli, lakini kinga hiyo haimzuii meningokoki. Mwaka 2021, mlipuko ulipotokea Banalia, mkoa wa Tshopo nchini Kongo, na zaidi ya watu 2,500 kudhaniwa kuugua, ilibidi kwanza maabara itambue kuwa ni kundi W, ndipo wakazi wakapewa chanjo inayolikinga.

Chanjo ya mlipuko, basi, haichukui nafasi ya ile ya kliniki, wala haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mwili huhitaji siku kadhaa kujenga kinga, na kwa sababu hiyo mahujaji hutakiwa kuchanjwa angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia. Katika siku hizo za kungoja, familia iliyochanjwa jana bado inapaswa kumchunguza kila mwenye homa, na waliolala chumba kimoja na mgonjwa wamweleze daktari mapema, kwani huenda wakahitaji antibayotiki ya kuwakinga.