Mwenda kwa miguu Mombasa: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Mtu akigongwa na gari Bombolulu au Changamwe, kabla hata hajainuliwa utasikia maneno mawili. La kwanza: ajali haina kinga. La pili: kwani yeye alikuwa anavuka vipi? Ukiyaweka pamoja hayapatani. Moja linamwondolea lawama kila mtu, jingine linambebesha aliyelala chini peke yake. Na hayo ni mawili tu. Zipo dhana nyingine zilizotuganda, na baadhi yake ndizo zinazoamua pesa za umma ziende wapi.

Dhana: Ajali haina kinga

Kama ni maneno ya kumpoza mfiwa, sina la kupinga. Lakini Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Mwaka 2023 NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu 4,324. Waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko jingine lolote, thuluthi moja hivi. Vifo hivyo havimwagiki ovyo. Vinajirudia palepale: mbele ya stejini, kwenye makutano yasiyo na zebra, pale taa za barabara zilipozimika, na zaidi giza likishaingia, watu wanaporudi makwao. Jambo linalojirudia mahali pamoja lina sababu, na sababu ya kwanza ni mwendo.

Tuseme mtoto ameingia barabarani mita 20 mbele ya gari. Sekunde moja hivi inapita kabla mguu wa dereva haujakanyaga breki. Gari la mwendo wa kilomita 30 kwa saa litasimama ndani ya mita 13 au 14. Mtoto atakemewa, atakimbia zake. La mwendo wa 50, lami kavu na breki nzima, sekunde hiyo moja pekee imekula mita 14, na likimfikia mtoto bado linakwenda karibu kilomita 38 kwa saa. Dereva ni yuleyule, mtoto ni yuleyule. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha 50 mijini, na imetoa nafasi ya kushusha hadi 30 karibu na shule wakati wanafunzi wanaingia na kutoka. Nenda ukasimame mbele ya shule yoyote iliyo kando ya barabara kuu saa moja na nusu asubuhi, uhesabu wangapi wanaijali hiyo 30.

Dhana: Waenda kwa miguu wanaingilia njia ya magari

Takwimu zinazotajwa kila siku kuhusu feri ya Likoni ni watu wapatao 300,000 na magari 6,000 hivi kwa siku. Tazama wanavyomiminika pale ng'ambo alfajiri, kisha uniambie nani anamwingilia nani. Hata anayepanda matatu hutembea hadi stejini na hutembea tena akishuka. Mwenye gari naye, akishaegesha Digo Road akielekea Marikiti, ni mwenda kwa miguu kama sisi.

Dhana: Barabara ikiwa pana, usalama umepatikana

Upanuzi wa barabara ya kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa, na ule wa kutoka mjini kupita Changamwe hadi Kwa Jomvu na kuendelea Mariakani, umesifiwa sana. Kwa foleni za malori na matatu, sifa hizo ni halali. Kwa anayevuka, hesabu ni nyingine. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 hivi kwa sekunde. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7, kwa hiyo anaimaliza kwa sekunde 6. Ya njia sita ni kama mita 21, sekunde 17 au 18. Bibi mwenye magoti mabovu na kikapu cha samaki mkononi anahitaji sekunde 25 na zaidi, katikati ya magari ambayo sasa yamepata uwanja wa kukimbia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4 hivi. Na lami pana, nyoofu, humshawishi dereva kukanyaga mafuta hata kama kibao kinasema 50.

Linganisha na Mji wa Kale. Ndia Kuu ni nyembamba, ina kona, kuta ziko karibu na watu wako barazani. Gari likiingia mle linatambaa kwa mwendo wa mtu, bila askari wala kibao. Simwambii mtu aifanye barabara ya Malindi kama Ndia Kuu. Ila barabara pana inahitaji vitu ambavyo nyembamba haivihitaji: kisiwa cha katikati ambapo mtu anaweza kusimama nusu ya safari, zebra yenye taa za kuongoza magari, na njia ya miguu iliyotenganishwa na lami kwa ukingo wa kweli, si kwa mstari wa rangi.

Dhana: Wanaotaka usalama wapande daraja la juu

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wenye akili zao. Barabara imejengwa, daraja la waenda kwa miguu limewekwa, watu wanaendelea kukatiza chini, basi wanaitwa wavivu.

Chukua daraja lenyewe ulipime. Ili lori lenye kontena lipite chini, sakafu ya daraja lazima iwe juu kwa zaidi ya mita 5. Likiwa na mteremko unaofaa kiti cha magurudumu, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12, kufikia mita 5.5 kunadai mwendo wa mita 66. Kushuka ng'ambo ni mita 66 nyingine. Ongeza upana wa barabara, na mara nyingi ongeza pia mwendo wa kulifuata daraja lenyewe, maana halikuwekwa pale matatu inaposhusha. Mtu anaambiwa atembee mita 150 au 200, kwenye jua la Januari la Mombasa, ili afike ng'ambo iliyo mita 21 kutoka aliposimama. Penye ngazi tupu, mwenye mkokoteni, mama mwenye mtoto mgongoni na wa pili mkononi, na asiyeweza kupanda wameshaachwa nje. Ukifika usiku, mengine hayana taa. Kati ya kugongwa na kuporwa, mtu anachagua anachokiona.

Nakubali kuna mahali daraja la juu halikwepeki. Barabara yenye malori ya bandari mchana kutwa haiwezi kusimamishwa kila dakika. Lakini hapo mpangaji anatakiwa kukiri kwamba amechagua malori yasisimame na mtu ndiye azunguke. Baada ya hapo asimkejeli huyo mtu. Na katikati ya makazi, ambako wanafunzi na wauza mboga wanavuka kutwa mara tano, zebra iliyoinuliwa kama tuta pana, ikiwa na taa na kibao, hutumiwa na watu kwa sababu iko pale wanapopita.

Dhana: Matuta ni adhabu kwa wenye magari

Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliweka mistari iliyoinuka barabarani, inayotikisa gari ili dereva apunguze mwendo, kwenye makutano ya Suhum. Ajali zikapungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55 hivi. Karibu zaidi na nyumbani ni Dar es Salaam. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi zenye watoto wengi wanaogongwa, likaweka njia za miguu, matuta, zebra na vizuizi, vitu vya bei rahisi. Majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo, na mpango huo, uitwao SARSAI, ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI (World Resources Institute) mwaka 2019.

Malalamiko ya madereva kuhusu tuta lisilo na rangi wala kibao, ambalo unaligundua likishakupasua sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, ni ya haki kabisa. Dawa yake ni kulipaka rangi na kuweka kibao. Kuling'oa usiku kwa sululu, mchezo tunaoujua, si dawa.

Dhana: Kabro ikishalazwa, kazi imekwisha

Tangu ugatuzi uanze 2013, barabara kadhaa za kisiwani zimepata njia za miguu za kabro, yaani matofali ya zege, na zimeleta nafuu. Aliyekuwa akirukaruka vidimbwi wakati wa masika anajua. Lakini kanyaga moja ya njia hizo saa kumi na moja jioni upande wa Mwembe Tayari. Hatua chache za kwanza ni raha. Kisha tuktuk imepanda juu, dereva anagombania chenji na abiria. Mbele yake meza ya viatu vya mtumba, halafu mama wa viazi karai na jiko lake. Kisha kifuniko cha mtaro kimeibwa, pamechomekwa tawi la mwarobaini kama onyo. Unashuka kwenye lami, bodaboda inakupigia honi, na ya pili, yenye haraka zaidi, imeshapanda kwenye kabro uliyoiacha.

Kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu ni kosa chini ya kifungu cha 45A cha Sheria ya Trafiki, na pikipiki ni gari kwa mujibu wa sheria hiyo. Askari peke yake hatoshi, kwani akiondoka mambo yanarudi. Vinguzo vifupi vya zege, vilivyopangwa kwa nafasi inayoruhusu kiti cha magurudumu na kuzuia tuktuk, havilali wala havili chai. Wachuuzi ni habari ndefu. Kuwafukuza kumefanyika mara nyingi, nao hurudi, kwa sababu wateja wao ni hao hao wanaotembea. Palipo na upana wa kutosha, kuwachorea nafasi upande mmoja na kuacha mita mbili wazi kunaweza kudumu kuliko msako wa kila mwezi. Njia ikiwa ya mita moja na nusu, hapo hakuna hesabu itakayowatosha wote, na anayesema ipo anatafuta kura.

Dhana: Ukiendesha baiskeli, kabili magari ili uyaone

Imechanganywa na ushauri wa kweli wa waenda kwa miguu. Pasipo na njia ya miguu, anayetembea akae upande wa kulia, magari yamjie usoni, awahi kuruka. Baiskeli ni kinyume: ikae kushoto, ielekee yanakoelekea magari. Baiskeli ya kilomita 15 kwa saa ikikutana uso kwa uso na gari la 50, wanakaribiana kwa 65. Wakielekea upande mmoja, tofauti yao ni 35, na dereva ana muda zaidi wa kuiona na kuikwepa. Pia dereva anayetoka uchochoroni hutazama magari yanakotokea. Hatarajii baiskeli itokee upande wa pili.

Mtazame muuza madafu. Vishada vimening'inia pande zote mbili za baiskeli, panga limechomekwa mbele, mzigo unakaribia kumzidi uzito. Hawezi kukwepa ghafla, hawezi kupanda daraja la juu, na akipigiwa honi ashuke kwenye changarawe atamwaga mtaji wake wote. Wanaosema hapa hapana haja ya njia za baiskeli kwa kuwa hakuna waendeshaji nadhani hununua madafu bila kuuliza yalifikaje.

Dhana: Yote hayo ni kazi ya kaunti

Kidogo ndiyo, na kidogo hapana, na katika mwanya huo malalamiko mengi hufia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na serikali ya kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, usimamizi wa trafiki na maegesho. Barabara ya kwenda Nairobi, ile ya Malindi na ile ya Likoni kuelekea Lunga Lunga ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Barabara nyingine za mjini zina mkono wa KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nayo ni ya kitaifa. Gavana hawezi kuamka asubuhi akachora zebra kwenye barabara ya Malindi. Lakini njia ya vumbi inayotoka stejini hadi shule ya mtaani, taa iliyokufa, mtaro ulio wazi na magari yaliyopanda kabroni viko mlangoni mwa kaunti, naye hana wa kumsukumia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua au kumfuata mwakilishi wa wadi, jua kwanza barabara ni ya nani. Ikiwa ya kaunti, kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Sheria inadai wananchi wasikilizwe, na vikao hivyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Anayefika Mei kudai tuta na zebra mbele ya shule, bila jina la barabara wala picha ya mahali penyewe, atajibiwa kwa upole kwamba jambo lake limepokelewa. Anayefika mapema, akiwa na mwalimu mkuu na wazazi watano, anaomba kitu ambacho bado hakijagawiwa pesa kwingine.