Je, wajua kwa nini Waingereza waliwahi kulazimishwa kuzikana na sanda ya sufu?

Ukifunua daftari la mazishi la parokia ya kijijini Uingereza la miaka ya 1680 utakuta mbele ya majina mengi padre ameandika kwamba kiapo kimeletwa, au kwamba marehemu kazikwa na sufu. Kiapo cha nini tena, mtu si keshakufa?

Ishu ilikuwa biashara. Sufu ya kondoo ndo ilikuwa inaibeba Uingereza enzi hizo, sasa kitani kikawa kinaingia kwa wingi toka ng'ambo, wakubwa bungeni wakaona pesa inatoka nje bure. 1666 wakapitisha sheria kwamba maiti asivishwe kitu chochote zaidi ya sufu, watu wakaipuuza kabisa, basi 1678 wakaja na nyingine yenye meno. Na walitaka kuinua viwanda vya karatasi pia, maana karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, kwa hiyo kila sanda ya kitani iliyofukiwa ni malighafi imepotea. Hapo mi nawapa maksi, walipiga hesabu mpaka ya kaburini.

Sasa utekelezaji. Ndani ya siku 8 baada ya mazishi ndugu anaapa kwamba marehemu hakuvishwa shati wala shuka wala sanda yenye kitani, katani, hariri, nywele, dhahabu au fedha, ni sufu ya kondoo tupu, na hata kitambaa cha ndani ya jeneza nacho kiwe sufu. Padre anaandika daftarini. Waliosamehewa ni waliokufa kwa tauni. Kiapo kisipokuja ni faini pauni 5, hela ndefu sana kwa mkulima wa wakati ule, nusu inaenda kwa maskini wa parokia na nusu anapewa aliyekwenda kutoa taarifa.

Wenye nazo wakaona upenyo hapohapo. Wanamzika mzee na kitani chake kizuri, halafu mmoja wa familia anajipeleka mwenyewe kutoa taarifa, ile nusu ya mtoa taarifa inarudi nyumbani, mchezo umeisha kwa pauni 2 na nusu. Mlalahoi asiyekuwa hata na sufu ndo unakuta wakati mwingine daftarini kaandikwa tu kwamba kazikwa uchi.

Mpaka mwishoni mwa karne ya 18 sheria yenyewe ilishachoka, watu hawaifuati na mapadre hawaulizi, ikaja kufutwa rasmi 1814. Ukienda Burford kule Cotswolds, eneo lililotajirika kwa kondoo, kwenye uwanja wa kanisa kuna makaburi yana jiwe la mviringo lenye mifereji limelazwa juu, wengi wanasema ni robota la sufu, wengine wanabisha kwamba ni maiti aliyeviringishwa sufu kama sheria ilivyotaka. Mi naona robota, tajiri wa sufu angependa kuonyesha mali yake, siyo sheria iliyombana.